Kunguni na Kitanda cha Ijara

Katika malezi ya watu wa pwani, na nadhani katika malezi ya watu wengi wa bara pia, mgeni aliyetandikiwa kitanda hachunguzi godoro. Hulala, na asubuhi akiulizwa ameamkaje hujibu kwamba ameamka salama, hata ikiwa usiku kucha alikuwa akijigeuza na kujikuna. Adabu hiyo ni njema nyumbani kwa jamaa, ambako kitanda ni hidaya, na mwenye kukitoa yamkini amelala mkekani ili mgeni wake apate nafasi. Lakini tumeihamisha, bila kufikiri, mpaka katika gesti na hoteli, mahali ambapo kitanda ni kitu cha ijara, na ambapo mwenye nyumba hamjui mgeni wake ila kwa jina lililoandikwa daftarini. Mnunuzi wa kitambaa dukani hukunjua jora, akalinyoosha mwangani, akatafuta kasoro, na muuzaji haoni kwamba ametukanwa. Mpangaji wa chumba cha usiku mmoja ana haki iyo hiyo, na asiyeitumia hujitia katika hatari ya kurudi kwake na mgeni ambaye hakumwalika.

Mgeni huyo ni kunguni, mdudu bapa wa rangi ya hudhurungi, ambaye akikamilika umbo hufika urefu wa milimita 5 hadi 7, na akishashiba damu huvimba, akarefuka na kuiva wekundu hata asiyemzoea akamdhania mdudu mwingine. Hana mbawa, wala hana miguu ya kurukia kama kiroboto. Mwendo wake wote ni wa kutambaa. Mchana hujibana katika ufa wowote unaopenyeza ukingo wa kadi, na usiku, aghalabu katika saa zinazotangulia alfajiri, hutoka kwa kufuata joto la mwili na hewa anayoipumua aliyelala, akanyonya kwa dakika 5 hadi 10, kisha akarudi maskani kwake. Jike hutaga yai 1 hadi 5 kwa siku, mayai meupe ya milimita 1 hivi, aliyoyagandisha kwenye mbao kwa ulimbo wake mwenyewe; katika joto la nchi zetu huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, na mtoto hujivua gamba mara 5 kabla ya kuwa mzima, na kila mara sharti kwanza apate mlo wa damu. Kwa hesabu hiyo jike mmoja aliyekwisha kupandwa, akiingia katika pindo la begi, anatosha kuanzisha kabila zima katika chumba ambacho jana hakikuwa na hata mmoja. Ukimnyima chakula hafi upesi. Miezi kadhaa huweza kungoja, na penye baridi hungoja zaidi, kwa hiyo chumba kilichofungwa msimu mzima si chumba kilichosalimika.

Wataalamu wa wadudu huwagawa kunguni wanaomwandama mwanadamu katika aina mbili: Cimex lectularius, aliyezoea nchi za baridi, na Cimex hemipterus, wa nchi za joto, ambaye ndiye aliyeenea katika pwani yetu. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu, nami nitaigusa tena hapo mbele. Suhuba yao nasi ni ya kale sana: katika magofu ya kijiji cha mafundi huko Amarna, Misri, yalipatikana mabaki ya kunguni yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, na Pliny, mwandishi wa Kirumi, alieleza bila masihara kwamba kunguni ni dawa ya sumu ya nyoka, jambo ambalo sitarajii msomaji alijaribu.

Dhana iliyotudhuru kuliko mdudu mwenyewe ni ile inayosema kwamba kunguni huzaliwa na uchafu na ufukara. Kwa ajili ya dhana hiyo mwenye gesti huficha asidharauliwe, na mgeni huficha asichekwe, na kunguni hustarehe kati ya siri mbili. Lakini chakula chake ni damu, na damu ya tajiri na ya fakiri kwake ni moja; chumba kilichojaa takataka humpa maficho mengi zaidi, na hayo ndiyo yote ambayo uchafu humfanyia. Mwaka 2023, ilhali haujabaki hata mwaka mmoja kabla ya Michezo ya Olimpiki, jiji la Paris lilitaharuki kwa habari za kunguni katika hoteli, sinema na magari ya moshi, na wakuu wa afya wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba kati ya mwaka 2017 na 2022 takriban asilimia 11 ya kaya za nchi hiyo zilipata kuingiliwa naye. Hao si watu wasiojua sabuni. Hoteli huingiliwa kwa sababu ni njia panda ya mizigo ya watu wasiojuana, na hoteli ya gharama, inayopokea wageni wa dunia nzima, haina kinga ambayo gesti ya stendi imenyimwa.

Ulikuwapo wakati ambapo watu wa Ulaya na Marekani waliamini vita vimekwisha. DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1948, ilipulizwa vitandani baada ya Vita Kuu ya Pili hata vikakua huko vizazi vya watu wasiomjua kunguni ila kwa hadithi. Lakini mwaka 1947 tu, huko Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii, walikuwa wamekwisha kuonekana kunguni wasioijali dawa hiyo. Nasi tumeonja mfano wake: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kunguni wenye usugu dhidi ya dawa za jamii ya pairethroidi katika vijiji vya Tanzania ambako vyandarua vilivyotiwa dawa hiyo, kwa ajili ya malaria, vilikuwa vikitumika. Kwa hiyo mkebe wa dawa ya mbu, ambao wengi huupuliza kitandani kwa pupa, si dhamana. Mara nyingi huwatawanya kunguni kutoka kitanda kimoja hadi nyufa za chumba kizima, na anayelala juu ya shuka lililoloweshwa dawa hujidhuru yeye kabla ya kumdhuru adui yake.

Kinga ya msafiri, basi, ni macho. Ukiingia chumbani usilitupe begi kitandani, ingawa uchovu wa safari humwamrisha mtu hivyo. Liache karibu na mlango, washa kurunzi, au taa ya simu, kwa maana taa za vyumba vya kupanga hazifiki pembeni, na uanzie mchagoni, kwa kuwa kunguni hupenda kukaa karibu na mahali alipo mliwa wake mtulivu. Vua foronya, funua shuka penye pembe zote nne, ufuate kwa kidole mshono unaolizunguka godoro, uinue lebo na vifungo vyake, kisha ulinyanyue godoro lenyewe utazame chaga. Baada ya hapo kiangalie kitanda kama seremala anavyokiangalia: pale mfumbati unapoingia katika tendegu, pale kitakizo kinapokutana na mifumbati, matundu ya misumari na skrubu, na nyuma ya ubao wa kichwani, hasa ikiwa umeegemezwa au kupigiliwa ukutani. Kitanda cha chuma kina nyufa chache, lakini bomba lililo wazi nchani ni nyumba kamili. Usisahau chandarua, watu hukitazama kutafuta matundu ya mbu, wasiutazame upindo wake wala mkusanyiko wa nguo pale juu kinapofungwa.

Unachokitafuta si kunguni mwenyewe pekee, ambaye mchana ni hodari wa kujificha, bali athari zake: vidoa vyeusi vilivyokusanyika mahali pamoja, ambavyo ukivifuta kwa kitambaa kibichi huacha wekundu wa kutu, kwani ni damu iliyosagwa tumboni mwake; magamba matupu, mepesi, ya manjano; mayai katika kishimo cha ubao; alama za damu kwenye shuka; na pale walipokithiri, harufu nzito inayoshabihi ya majani ya kotmiri. Kazi hii yote haizidi dakika 10, na mhudumu mwenye busara akikukuta ukiifanya hatauliza una nini.

Kuhusu mahali pa kuweka mizigo, maonyo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani humshauri msafiri aiweke ndani ya hodhi la kuogea, kwa hoja kwamba kunguni hawezi kupanda ukuta laini. Kwa Cimex lectularius hoja hiyo ina nguvu. Lakini wachunguzi walipompima yule wa nchi za joto walimwona akipanda hata kioo, kwa kuwa miguu yake ina vinyweleo vingi zaidi vya kushikia. Fauka ya hayo, chooni mwa gesti zetu hakuna hodhi, kuna ndoo na kata. Ushauri unaotufaa ni kuliweka begi mbali na kitanda, juu ya sakafu ya vigae au juu ya kiti kisicho na mto, likiwa limefungwa zipu wakati wote, na likitiwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki uliofungwa mdomo ni bora zaidi. Nguo ulizokwisha kuvaa zisiachwe zimezagaa chini: wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Sheffield walionyesha mwaka 2017 kwamba harufu ya mwili iliyobaki katika nguo chafu huwavuta kunguni, hata mwenye nguo akiwa hayupo chumbani. Kadhalika, kisogeze kitanda mbali na ukuta, na shuka zisiburure chini. Wazee waliosimamisha matendegu ndani ya makopo ya maji walikuwa na hoja ya maana, alimradi kunguni hawakuwa wamekwisha kuhamia juu. Waliotia mafuta ya taa badala ya maji walikuwa na hoja ile ile na hatari ya moto.

Ukimwona kunguni, mnase katika karatasi au mpige picha, kisha uende mapokezi ukaseme kwa sauti ya kawaida: «Samahani, dada, chumba nilichopewa kina kunguni, naomba kingine.» Fujo hapo haina faida, wala aibu. Usikubali chumba kilicho ubavuni mwa kile cha kwanza, wala kilicho juu yake au chini yake, kwa sababu kunguni hupita katika nyufa za kuta na katika mifereji ya nyaya za umeme. Na chumba kipya ukikague upya. Ukiambiwa kwamba kijana atakuja kupuliza dawa sasa hivi nawe urudi kulala, hiyo ni dalili ya kudai fedha zako na kutafuta nyumba nyingine, maana mwenye hoteli anayeijua kazi yake hukifunga chumba hicho siku hiyo hiyo na kukitibu kwa joto, kwa mvuke na kwa fundi wa dawa anayerudi zaidi ya mara moja.

Wengine hulala na taa ikiwaka wakitumaini usalama. Kunguni mwenye njaa hula kwenye mwanga pia.

Na aliyeumwa asitaharuki kupita kiasi. Haijathibitika kwamba kunguni humwambukiza mtu maradhi kwa kumuuma, wala UKIMWI, wala homa ya ini, ingawa hofu hizo zimeenea sana; taksiri yake ni mwasho, vidonda vya kujikuna vinavyoweza kuingia vijidudu, na usingizi uliopotea. Miili haifanani: wako wanaovimba asubuhi ile ile, wako ambao alama huwatokea baada ya siku nyingi, hata wakazidhania za mahali pengine, na wako ambao hazitokei kabisa, na hawa wa mwisho ndio wabebaji wazuri wa kunguni, kwa kuwa hawana sababu ya kushuku.

Kwa hiyo hata aliyelala salama afanye hadhari arudipo. Begi lifunguliwe uani au barazani, si chumbani wala juu ya kitanda. Nguo zote, pamoja na zile ambazo hazikuvaliwa, zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60, na zisizostahimili maji hayo zipigwe pasi ya moto, kwa uangalifu zaidi penye mishono na mapindo. Pasi ya mkaa huua yai la kunguni sawasawa na ya umeme. Kuanika juani ni jambo jema lakini lisitegemewe peke yake, kwa kuwa jua linapochoma upande mmoja wa godoro au wa begi, kunguni huhamia upande wa kivuli. Vitabu, viatu na vitu visivyopigwa pasi, kwa mwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, vinaweza kutiwa humo ndani ya mfuko kwa siku 4. Begi lenyewe lipigwe brashi kavu katika kila mshono na chini ya magurudumu, lipanguswe, lifungwe katika plastiki na kuwekwa stoo, lisisukumwe chini ya kitanda kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi. Na likiwa ni begi la kuazima, mwenyewe arudishiwe likiwa limekwisha kukaguliwa, naye aambiwe lililala wapi.