Sampuli ya Kanga Haikuwapendeza? Mwelezeni Mchoraji Hivi

Kina mama wakiagiza kanga za sare kwa ajili ya harusi, mchoraji huwatumia sampuli kwenye simu. Hapo ndipo kazi huanza kuharibika. Mmoja anajibu, "Haijanivutia." Wa pili ataka maua zaidi, wa tatu ataka yapunguzwe, tena kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp saa sita za usiku. Kijana anabaki kubahatisha, akirudia mchoro mara ya tano kwa malipo yale yale.

"Haijanivutia" ni hisia, na mwenyewe ana haki nayo, lakini mchoraji hawezi kuifanyia kazi. Anataka kujua ni wapi na kwa nini. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maandishi. Zitajeni sehemu hizo. "Mwanangu, mji umetulia, usiuguse. Tatizo ni jina; herufi ni nyembamba, mtu akijifunga halitasomeka." Sifa hiyo ya mji si kumbembeleza. Asipojua kilichofaa, huenda akakibadilisha nacho.

Tazameni pia kwamba mama huyo hakuamuru herufi za aina gani. Ametaja tatizo, dawa akamwachia fundi, ambaye pengine atazinenepesha herufi au atabadilisha rangi iliyo nyuma yake. Ukimwamuru kila mstari, umekodi mkono wake tu.

Jina lenyewe lina hatari yake. Maneno ya kanga husomwa kama ujumbe, na fumbo lililotungwa kwa mzaha laweza kumchoma wifi ambaye halikumlenga. Kwa hivyo maneno na tahajia yakubaliwe kwanza, kabla ya kujadili rangi. Katika uchapaji wa fremu kila rangi ina fremu yake. Kuongeza rangi dakika ya mwisho ni kuongeza gharama, na kitambaa kikishachapwa hakirudi nyuma.

Chagueni msemaji mmoja. Bishaneni wenyewe hata siku mbili mkitaka (na mtabishana), kisha yeye apeleke orodha moja iliyoandikwa. Na ikiwa mchoraji alifanya mlivyomwagiza, ila ninyi ndio mmebadilisha nia, mwambieni hivyo waziwazi na mpatane malipo ya nyongeza kabla hajaanza upya.