Saa, Namba na Gemu: Lugha ya Michezo ya Kujifunzia ya Kompyuta katika Kumbukumbu za Utotoni, kwa Mfano wa Tunduma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili lugha ya michezo ya kompyuta iliyokusudiwa kumfunza mtoto kusoma, kuhesabu na kutambua saa. Suala hili aghalabu huachiwa wataalamu wa elimu na wa kompyuta, ilhali ndani yake mna isimu nyingi. Hoja inayotetewa ni kwamba mtu mzima akumbukapo mchezo aliojifunzia utotoni, kinachomrudia kwanza ni maneno: namna namba zilivyotajwa, namna alivyosifiwa alipopata, namna alivyoambiwa kuwa amekosa. Ikiwa hivyo ndivyo, basi lugha ya mchezo si vazi la kuvishwa baada ya mchezo kukamilika. Lugha ndiyo sehemu kubwa ya kile kinachofunzwa.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Mwaka 1971 walimu vijana watatu wa Minnesota walitunga The Oregon Trail, mchezo wa kufundishia historia ya wahamiaji wa karne ya 19 waliokwenda magharibi kwa magari ya kukokotwa na maksai. Toleo la mwaka 1985 lilienea sana mashuleni. Waliokuwa watoto wakati huo sasa ni watu wa makamo, na wanapokumbushana, kinachowachekesha ni ile sentensi fupi iliyomtangazia mchezaji kwamba amekufa kwa kuhara damu. Picha zilikuwa duni, sentensi imebaki.

Tanzania haikuwa na kizazi cha namna hiyo, na sababu yake inajulikana. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Mtoto wa Tunduma wa miaka ya 1980 alijifunza hesabu kwa vijiti, visoda na kete za bao. Kizazi kilichofuata kilianza kuiona kompyuta, lakini michezo iliyokuwamo ilisema Kiingereza. Hata Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa mwaka 2014 na kufundisha hesabu kwa Kiswahili, kilimfikia mtoto kupitia televisheni, na majibu ya maswali yake yaliweza kutumwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Kilikuwa mchezo wa kujifunzia kwa maana zote isipokuwa kompyuta yenyewe.

2.0 Kuhusu jina

Kiswahili kina neno mchezo, lakini vijana husema gemu. Wapo wanaolaumu mkopo huo kuwa ni uvivu. Lawama hiyo haina msingi mkubwa, kwani mchezo lina mzigo mzito tayari: ni tamthilia, ni mpira, ni utani, na katika kauli si mchezo ni kinyume cha jambo zito. Gemu limepunguza mzigo huo kwa kutaja kile kinachochezwa kwenye kioo tu.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kauli ya kutendea inayofuata jina hilo. Mchezo wa kufundishia humweka mwalimu mahali pa mtenda. Mchezo wa kujifunzia, kwa kirejeshi -ji-, humweka mtoto mwenyewe. Tofauti hii si ya mapambo. Programu nyingi zimetungwa kwa ajili ya mtoto asiye na mwalimu karibu, na hapo kosa la lugha halina mtu wa kulisahihisha.

3.0 Tanga, 2017 hadi 2019

Tukio kubwa zaidi linalohusu suala hili nchini lilitokea mkoani Tanga. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mapema 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu tano katika vijiji takribani 170, kwa watoto wapatao 2,700, wengi wao wakiwa hawajapata kwenda shule. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania zilishiriki. Watoto walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, wakaachwa wajifunze wenyewe. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya Kitkit School na onebillion.

Waliokuwa na miaka saba hadi kumi na mmoja wakati ule sasa ni vijana. Hao ndio kundi kubwa la kwanza la Watanzania wanaoweza kusema kwamba utotoni walicheza gemu za kompyuta zilizowafundisha kusoma, na kwamba gemu hizo zilisema nao Kiswahili. Lakini Tanga ni mkoa wenye wazawa wengi wa Kiswahili, na hata wasemaji wa Kisambaa, Kizigua na Kibondei hukisikia tangu wadogo. Swali ni nini hutokea programu ya aina hiyo ikipelekwa mahali ambapo mambo hayajanyooka hivyo.

4.0 Tunduma

Mahali hapo ni Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mkoani humo na kandokando yake husemwa lugha ambazo Guthrie aliziweka katika kanda ya M: Kiwanda (M21), Kinyamwanga (M22), Kinyiha (M23), Kimalila (M24), pamoja na Kindali na nyinginezo. Ng'ambo ya mpaka, mjini Nakonde, Kinyamwanga ni kilekile, ila shule za eneo hilo la Zambia hutumia Kibemba na Kiingereza. Watoto wawili wa ukoo mmoja, wakitenganishwa na mstari tu, huanza kusoma kwa lugha mbili tofauti, na hakuna hata mmoja wao anayeanza kwa lugha ya bibi yake.

Tatizo la kwanza ni la saa. Programu za kutambua saa hutungwa kwa kawaida katika mazingira ambamo namba iliyoandikwa kwenye sura ya saa ndiyo inayotamkwa. Kiswahili hakifanyi hivyo. Siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hivyo mshale mfupi ukiwa kwenye 8 asubuhi msemaji husema saa mbili. Mfasiri asiye mwangalifu akiandika saa nane, amehama kutoka asubuhi hadi alasiri kwa saa sita nzima, na programu itamwambia mtoto aliyejibu sawasawa kwamba amekosa.

Tunduma huongeza jambo ambalo Tanga haina. Saa ya Zambia iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja. Kwa hiyo, kwa wakati uleule mmoja, mtoto wa Tunduma huona 8 kwenye sura ya saa, hutamka mbili, na hujua kwamba kwa mjomba wake Nakonde mshale umesimama kwenye 7, ambayo kwa Kiswahili ni saa moja na kwa Kiingereza cha shuleni kule ni saba. Anayetoka Tunduma saa mbili na kuvuka kwa miguu hufika saa moja na kitu. Watoto wa mji huo hulijua hilo bila kufundishwa. Ni hesabu ya kutoa inayofanywa kila siku, nayo ni ngumu kuliko nyingi zilizomo katika programu za umri wao.

Tatizo la pili ni la upatanisho wa kisarufi. Namba moja hadi tano, pamoja na nane, hufuata ngeli ya nomino: mtoto mmoja, watoto watatu, vitabu vitatu, mayai matano, viti vinane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mtengenezaji anayerekodi sauti ya kila namba mara moja na kuiunganisha na sauti ya kila picha atapata ndizi tatu zilizo sahihi, kisha atapata *vitabu tatu na *mayai tatu. Picha ya kuku, ambayo hupendwa mno katika programu hizi, ni mtego wa pekee: umbo lake ni la ngeli ya ndizi, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai husemwa kuku wawili. Mtoto wa Kinyiha au Kinyamwanga, ambaye katika lugha yake pia namba hupatana na nomino, hana sababu ya kutotarajia upatanisho huo katika Kiswahili. Programu ndiyo itakayomwondolea matarajio sahihi aliyokuja nayo. Isitoshe, baadhi ya watoto hao watakuwa wanakisikia Kiswahili sanifu kwa mara ya kwanza kutoka katika mashine hiyo, na watakachokikumbuka kwa furaha ukubwani kitakuwa *vitabu tatu.

Katika kusoma, hali ni nafuu zaidi. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu na silabi zake kwa kawaida huishia na irabu, hivyo mpangilio wa ma, me, mi, mo, mu unaingia katika mchezo bila taabu, madhali mtungaji hakuanza kwa majina ya herufi kama ifanywavyo kwa Kiingereza.

Vifaa havikosekani tena kama zamani. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baadaye. Kuhusu namba, dawa ni kurekodi kirai kizima badala ya namba peke yake, nayo huongeza gharama. Kuhusu saa, dawa ni rahisi: kuchora sura ya saa yenye duara mbili za namba, ya nje ikiwa na 8 mahali pake na ya ndani ikiwa na 2 papo hapo, na kumwachia mtoto wa Tunduma achore ya tatu mwenyewe.