Kabla ya Muhuri

Wiki ya kwanza ya Januari benchi lililo nje ya chumba changu hujaa wazazi wenye bahasha za kaki. Ndani yake mna fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, na baada ya orodha ya ndoo, jembe, ufagio na shuka mbili za bluu, ndipo ilipo karatasi inayonihusu: fomu ya uchunguzi wa afya. Mzazi wa saba asubuhi hiyo aliingia na kijana wa miaka 14. Kijana aliniamkia, baba akaiweka karatasi mezani.

"Dokta, huyu hana tatizo lolote. Naomba tu unigongee muhuri, basi letu linaondoka kesho alfajiri."

Ninamwelewa. Keshapanga foleni ya mapokezi, ya malipo na ya maabara, na kwake mimi ni kizingiti cha mwisho kati ya mwanawe na shule. Nikamwomba akae. Muhuri upo, haukimbii.

Fomu nyingi zinataka mkojo, choo, damu, macho, masikio, na baadhi picha ya kifua. Vipimo hivi havilingani uzito. Ningeambiwa nichague kimoja, ningechukua mkojo, tena kwa saa zake. Mtoto aliyekulia Pemba au kwenye majaruba ya mpunga ya Usukumani anaweza kuwa na kichocho asimwambie mtu. Wapo wavulana wanaoona damu mwishoni mwa haja ndogo wakadhani ndiko kubalehe. Mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na zaidi mtoto akiwa ametoka kurukaruka. Kopo lililojazwa nyumbani kabla ya jua kuchomoza linaweza kuleta jibu safi kwa mtoto mgonjwa. Ndiyo maana watoto wa fomu utawaona wakirukaruka nyuma ya maabara saa 5, na wapita njia hudhani tumeanzisha timu. Akikutwa nacho, dawa ni prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mtoto, na mara nyingi humezwa siku moja tu ikaisha.

Upande wa pili kuna Widal, kipimo cha homa ya matumbo kilichoanzia Ufaransa mwaka 1896, ambacho wazazi wengi huniomba niongeze "ili tuwe na uhakika". Kinachopimwa pale ni kinga ya mwili, na kinga inaweza kuwa imebaki tangu ugonjwa wa zamani au imechochewa na vijidudu vingine kabisa. Mtoto asiye na homa wala maumivu ya tumbo akipimwa Widal, anachopata mara nyingi ni jina la ugonjwa asioumwa na mfuko wa antibayotiki. Picha ya kifua kwa mtoto asiyekohoa, asiyepungua uzito na asiyeishi na mgonjwa wa kifua kikuu nayo huniumiza, hasa nikiangalia viatu vya mzazi aliyeilipia.

Macho tunayapima kwenye korido, mita 6 kutoka kwenye bango la herufi. Hapo nilijifunza jambo dogo: watoto waliopanga foleni huukariri mstari. Binti mmoja aliwahi kunisomea mstari wa mwisho bila kosa huku akitazama dirishani. Siku hizi nawasomesha kutoka kulia kwenda kushoto.

Michezo ni habari nyingine. Kabla ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, walimu huja na orodha ya wachezaji, na hapa nina deni langu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini, mwalimu wa michezo aliniletea fomu 22 zilizofungwa kwa mpira, bila mtoto hata mmoja. Nilizisaini zote kabla ya chai ya saa 4. Wiki tatu baadaye mmoja wa watoto hao aliletwa akiwa amezimia mazoezini. Valvu ya moyo ilikuwa imeharibika kutokana na homa ya baridi yabisi, ile inayoweza kufuata mafindofindo yasiyotibiwa, na ambayo huwakamata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mlio wake ulisikika mara tu nilipogusisha kipimo kifuani. Mlio huo ungesikika wiki tatu nyuma, kama tu ningekuwa na kifua cha kusikiliza. Alipata rufaa, akapona kiasi cha kurudi darasani. Uwanjani hakurudi.

Tangu hapo sisaini karatasi isiyo na mtoto. Wapenzi wa soka watamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 katika mechi dhidi ya Colombia, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili ulikuta ugonjwa wa msuli wa moyo kuwa mnene kupita kiasi. Ugonjwa huo huweza kukaa kimya miaka mingi, na mara nyingi hurithiwa. Kwa hiyo namsikiliza mtoto akiwa amelala, kisha namwambia achuchumae, kisha asimame. Milio mingi ya moyo inayosikika kwa watoto haina madhara, na hufifia anaposimama. Ule unaopanda sauti anaposimama ndio unaonifanya niweke kalamu chini na kumpeleka mtoto kwenye kipimo cha umeme wa moyo na ultrasaundi.

Italia imewalazimisha wanamichezo wa mashindano kupima umeme wa moyo tangu mwaka 1982. Huku kwetu mashine hiyo haipo kila kituo, lakini maswali hayauzwi. Umewahi kuzimia ukiwa unakimbia? Nasisitiza "ukiwa unakimbia", maana kuanguka mstarini asubuhi bila kunywa chai ni jambo jingine. Kifua hubana ukicheza? Unachoka haraka kuliko wenzako? Halafu lile la ukoo. Nikiuliza kama kuna ugonjwa wa moyo kwao, jibu ni hapana. Nikiuliza kama kuna kijana aliyekufa ghafla, hata kama watu walisema karogwa au alizama ilhali anajua kuogelea, mara kunatokea mjomba.

Hata hivyo uchunguzi hauoni kila kitu. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa mchezaji wa kulipwa Uingereza moyo wake uliposimama uwanjani Machi 2012 kwa dakika 78. Kilichomwokoa ni watu waliojua kukandamiza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo. Mwalimu wa michezo anayejua kukandamiza kifua ana thamani kuliko fomu zangu zote 22.

Turudi kwa yule kijana. Nilimuuliza kama hukohoa usiku. Akamtazama baba yake kwanza. "Ni kifua tu cha utotoni," baba akasema. Nikamwomba kijana apande na kushuka ngazi za wodi mara nne. Alirudi akikohoa, na kipimo mgongoni kikaniletea filimbi nyembamba ya pumu. Shule aliyopangiwa iko Njombe, kwenye baridi inayoweza kumwamsha usiku.

Baba aliinama. "Wakiona pumu hawatampokea."

Hofu hii ndiyo inayowaficha watoto wenye selimundu na kifafa pia. Matokeo yake matroni asiyejua kitu humwogesha mwenye selimundu maji ya baridi, na humpa mwenye kifafa kitanda cha juu. Nilimweleza kwamba sehemu ile ya fomu ipo ili shule ijue la kufanya. Kisha nikaandika: avute dawa dakika 15 kabla ya kukimbia, pampu ikae mfukoni mwake, isifungiwe kabatini, akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nafasi ya "maelezo mengine" ilikuwa mstari mmoja. Nikageuza karatasi, nikaendelea nyuma.

Baba alisoma yote kwa kidole, polepole. Kisha akauliza kama huko nyuma nako panahitaji muhuri. Nikagonga pande zote mbili.