Nani anakata maneno ku UNIGOM? Ngazi za uongozi katika vyuo vikuu vya serikali

Mzazi anayechimba dhahabu Omate, upande wa Walikale, anaweza kukusanya gramu moja moja kwa miezi mingi ili mtoto wake aandikishwe Goma. Makuta ikiisha kufika ku kesi ya chuo, haoni tena inapita wapi. Mtoto akirudi na kusema malipo yamepanda, ulizo linabaki moja: nani aliamua? Rekta? Waziri? Ao watu wengine ambao hawajulikane hata kwa sura?

Jibu halihusu UNIGOM peke yake. ISP, ISTA na ISC za Goma, UOB ya Bukavu na UNIKIS ya Kisangani, zote ni za serikali, na zote zinaongozwa kwa ngazi zinazofanana.

Komite ya uongozi: watu wa kila siku

Ngazi inayoonekana sana ni komite ya uongozi. Kwa desturi ina watu wanne. Rekta ndiye mkuu wa chuo. Katibu mkuu wa masomo anaangalia vipindi, mitihani na walimu. Katibu mkuu wa utawala anashugulikia wafanyakazi, majengo na maisha ya wanafunzi. Wa ine ni msimamizi wa bajeti: makuta inayoingia na inayotoka inapita kwake. Miaka ya karibuni, vyuo fulani viliongeza katibu mkuu wa utafiti.

Wakubwa hawa hawachaguliwi na walimu wala na wanafunzi. Wanateuliwa kutoka Kinshasa. Njo maana rekta anaweza kubadilishwa na mji mzima ukasikia habari hiyo kwa radio.

Pembeni ya komite kuna baraza la chuo, ambamo wakuu wa vitivo na wawakilishi wengine wanakaa pamoja na komite. Hapo ndipo sauti ya wenye kuishi ndani ya chuo inaweza kusikika.

Wadhamini wako mbali

Juu ya komite kuna baraza la wadhamini, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Kifaransa, Conseil d'administration, ao C.A. Hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Mtu anafikiri UNIGOM ina wadhamini wake, watu wa Kivu ya Kaskazini wanaojua barabara, vita na bei ya unga. Hapana. Sheria ya 1981 iliweka C.A. tatu kwa inchi nzima: moja ya vyuo vikuu, moja ya ma-ISP, na moja ya vyuo vya ufundi. Kwa hiyo wadhamini wa Goma ni wale wale wa Lubumbashi na wa Kinshasa. Wanachunguza mambo kama bajeti, programu za masomo na kupandishwa vyeo kwa walimu. Sheria mpya ya elimu ilitolewa tarehe 11 Februari 2014, lakini mazoea ya kungojea Kinshasa hayakwisha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1963, makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha Université Libre du Congo kule Kisangani, ikiwa na wadhamini wake yenyewe. Tarehe 4 Juni 1969, askari walipiga risasi wanafunzi waliokuwa wanaandamana Kinshasa. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1971, Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya inchi kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mukono wa serikali. UNAZA ilivunjwa mwaka 1981, lakini kichwa kilibaki Kinshasa. UNIGOM yenyewe ilizaliwa miaka ya 1990 kama tawi la Kisangani, ikasimama peke yake mwaka 2004.

Kwa majirani mambo yako tofauti kidogo. Kenya, sheria ya vyuo vikuu ya 2012 inakipa kila chuo cha serikali baraza lake. Hata kule serikali ndiyo inateua wengi wao, lakini mzazi anajua mlango gani wa kugonga.

Malipo yanatoka wapi?

Kila mwaka wizara ya elimu ya juu inatoa waraka wa maagizo, Instruction académique, unaopanga kalenda na mambo ya malipo. Chuo hakina ruhusa ya kujiongezea malipo kama kinavyotaka. Lakini kuna uzito mwingine: walimu na wafanyakazi wamoja hawajaingizwa kwenye mushahara wa serikali. Wanaishi kwa sehemu ndogo inayotoka katika malipo ya wanafunzi. Serikali isipolipa, mzazi ndiye anabeba. Mwezi wa Januari 2020, wanafunzi wa UNIKIN waliandamana juu ya malipo kupanda. Masomo yakasimamishwa na wakaamriwa kutoka kambini.

Tangu mwisho wa Januari 2025, Goma iko mikononi mwa M23, na benki zikafunga milango. Mwezi wa Machi vita vilifika mpaka Walikale-centre. Mfumo uliojengwa juu ya sahihi za Kinshasa ukajikuta katika mji ambao serikali ya Kinshasa haiongozi. Wasiwasi wa mzazi si makuta tu. Ni diploma pia, kwani nguvu yake inatoka kwa kutambuliwa na serikali.

Mzazi aulize nini?

Kwanza, aombe tangazo la malipo lililoandikwa na kutiwa sahihi, si la mudomo. Pili, kila malipo yawe na borodero ao risiti, na mtoto aichunge mpaka siku ya diploma. Tatu, malipo yasiyo kwenye tangazo, mwanafunzi aulizie kwa msimamizi wa bajeti kupitia wajumbe wa wanafunzi, kwa barua, kusudi alama ibaki. Ine, wabunge wa kitaifa wa Walikale wana haki ya kumuuliza waziri maswali bungeni, hata juu ya C.A.

Wadhamini wako mbali, ndiyo. Lakini barua yenye tarehe na risiti mkononi inaweza kusafiri mpaka Kinshasa. Malalamiko ya barabarani yanaishia pale pale.