Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Chango!

Tumbo likikuuma, nyumbani utasikia mengi: "Hilo ni chango," "Umekula kiporo," "Minyoo tu hiyo." Mara nyingi kweli yanapita yenyewe. Lakini yapo maumivu ambayo ukiyasubirisha mpaka kesho yanaweza kukuua. Sasa utayajuaje?

KIDOLE TUMBO
Ni kijifuko chembamba kwenye utumbo mpana, chini upande wa kulia. Mlango wake ukiziba, kwa mfano kwa kinyesi kigumu, vijidudu huzaliana ndani, kinavimba na kujaa usaha. Huwapata zaidi watu wa miaka 10 hadi 30, yaani sisi vijana. Kwa kawaida maumivu huanzia kitovuni, halafu baada ya saa kadhaa yanahamia chini kulia. Hamu ya kula inapotea, unatapika, homa inapanda, na ukikohoa unaumia zaidi. Kikipasuka, usaha unasambaa tumboni.

DADA, SIKILIZA
Umekosa siku zako, na sasa tumbo la chini linauma upande mmoja, damu inatoka kidogo, unasikia kizunguzungu? Huenda mimba imetunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka, damu inavujia ndani, nje huioni. Usione aibu. Mwambie daktari ukweli wote, hata kama mama yuko nje anasubiri.

KAKA, NA WEWE
Korodani ikiuma ghafla na maumivu yakapanda tumboni, huenda imejisokota na damu haiifikii. Nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa 6. Ngiri inayouma na kugoma kurudi ndani nayo ni dharura.

WAHI HOSPITALI UKIONA:
- Tumbo limekuwa gumu kama ubao
- Unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami
- Tumbo limevimba, hupati choo wala hewa haitoki
- Maumivu makali hayaachi, au unazimia

USIFANYE HIVI
Usinywe dawa ya kuharisha, usipigwe bomba, usikandwe tumbo. Kilichovimba kinaweza kupasuka. Usile wala kunywa mpaka upimwe, maana huenda ukahitaji upasuaji.

Na ukimkuta mwenzako bwenini amejikunja kwa maumivu, usimwambie anadeka. Mwite matroni usiku huo huo, na mmoja wenu amsindikize.