Kuchagua Baiskeli Inayofaa: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Nansio

Katika mji wa Nansio na vijiji vya kisiwa cha Ukerewe, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba samaki kutoka mwaloni, machungwa na mihogo kutoka shambani, madumu ya maji, wanafunzi na hata wagonjwa. Inapoharibika, kinachosimama si safari tu, bali pia kipato cha nyumba. Kipuri kisichopatikana mjini huagizwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Mwenye baiskeli hulipia kipuri, nauli ya meli na siku za kazi zilizopotea. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutazama rangi au bei, mlaji ajiulize maswali matatu: nitabeba nini, nitapita njia gani, na vipuri vyake vinapatikana hapa?

Aina za baiskeli

Baiskeli ya mzigo ina magurudumu ya inchi 28, fremu ya chuma, keria imara na breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya. Ni nzito na haina gia, hivyo huchosha penye mwinuko. Hata hivyo, hustahimili gunia, na fundi wa kijijini huweza kuitengeneza kwa vifaa vichache.

Baiskeli ya milimani ina magurudumu ya inchi 26, matairi mapana na gia. Tairi pana halizami upesi katika mchanga, na gia hupunguza uchovu. Lakini mchanga huo huo hula mnyororo na meno ya gia, hivyo huhitaji kusafishwa mara kwa mara. Springi katika baiskeli za bei ndogo huongeza uzito na kupoteza nguvu za mwendeshaji. Springi ya nyuma huzuia pia kufunga keria ya mzigo.

Baiskeli za mtumba, hasa zile za mjini kutoka Japani, mara nyingi zina fremu ya chini isiyo na bomba la juu. Huwafaa wazee na wanaovaa sketi au khanga. Keria na kapu lake vilitengenezwa kwa mizigo midogo, si kwa gunia la mihogo.

Soma namba za tairi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupata hasara. Tairi mbili zinaweza kuandikwa 26 na zisiingiliane. Tairi la 26 x 1.95 la baiskeli ya milimani hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 559, ilhali la 26 x 1 3/8, linalotumika katika baiskeli nyingi za mtumba, hukaa kwenye ringi ya milimita 590. Namba ya uhakika huandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 50-559 au 37-590. Tarakimu tatu za mwisho ndizo kipimo cha ringi. Baiskeli ya mzigo yenye tairi la 28 x 1 1/2 huandikwa 40-635. Nakili namba hiyo, kisha uulize kwa wauza vipuri kama tairi hilo lipo. Ikiwa hakuna anayeliuza, fikiri upya kabla ya kununua.

Kagua kabla ya kulipa

1. Simama ukiwa umeipanda fremu. Nyayo zote mbili zifike chini bila kubanwa na bomba la juu.
2. Inua kila gurudumu na ulizungushe. Likiyumba, ringi imepinda au spoki zimelegea.
3. Shika breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Usukani ukicheza, gololi zake zimelegea au zimekwisha.
4. Chunguza maungio ya fremu. Ufa, kutu kubwa au rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu ni dalili ya hatari.
5. Iendeshe na ujaribu breki zote mbili. Kumbuka kwamba ringi ya chuma ikilowa, breki hupungua nguvu sana. Wakati wa mvua anza kufunga mapema.

Linda haki yako

Dai risiti, na uhakikishe inaonyesha aina ya baiskeli, bei, tarehe na namba ya fremu. Unaponunua kwa mtu binafsi, andikianeni hati ya mauzo mbele ya mashahidi, ili usije ukaambiwa kuwa umenunua mali ya wizi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji. Baiskeli ikionekana kuwa na kasoro ambayo hukuelezwa, acha kuitumia, irudishe mapema ukiwa na risiti, na mweleze muuzaji kasoro hiyo. Msipoafikiana, wasilisha malalamiko kwa maandishi kwa Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala ya risiti. Ile halisi ibaki kwako.