Uruguay: Nchi Iliyozaliwa Mlangoni

Uruguay haina mlima wa kuitenga na Brazili. Kilele chake kirefu kabisa, Cerro Catedral, kina mita 514 tu, na nyanda za malisho zinaendelea hadi ng'ambo ya mpaka. Kilichoiponza, na hatimaye kuiokoa, ni kukaa kwake kwenye lango la mto Río de la Plata. Wareno walijenga Colonia del Sacramento mwaka 1680, mkabala na Buenos Aires. Wahispania wakajibu kwa Montevideo katika miaka ya 1720. Brazili na Argentina zilirithi ugomvi huo, zikapigana kuanzia 1825 bila mshindi, hadi Uingereza, iliyojali zaidi biashara yake kuliko uhuru wa mtu, ikasuluhisha kwa mkataba wa 1828 uliozaa nchi huru.

Wapo watakaosema kwamba hapo namsahau José Artigas, aliyefuatwa na maelfu ya watu waliohama makwao mwaka 1811. Kweli, mshikamano ulikuwapo kabla ya wanadiplomasia. Lakini Artigas, anayeitwa leo baba wa taifa, alipigania shirikisho la majimbo, si dola ya peke yake; na mkataba ulipotiwa saini alikuwa mkimbizi Paraguay, alikofia mwaka 1850.